Katibu wa Klabu ya Vorwärts

Reinhild Kuhlbrodt aliingia klabuni kabla hajaota meno yote. Mama yake, Hedwig, alikuwa akiwafundisha wanawake wa mtaa mazoezi ya viungo kila Jumatano, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, alimlaza juu ya mkeka pembeni ya ukumbi akaendelea kuhesabu: moja, mbili, inama, inuka. Kadi ya uanachama aliyokatiwa wiki ya kwanza anayo hadi leo. Ni ya mwaka 1955, na penye nafasi ya kazi ya mwanachama, baba yake, mtu wa mzaha, ameandika "Kulia."

Hayo ni ya mji wa Kassel, mtaa wa Wiesengrund, ule wa nyuma ya kiwanda cha vichwa vya treni. Klabu yenyewe ni Vorwärts, yaani "Mbele" kwa Kijerumani, ya mwaka 1896. Mtu wa mtaa ule hasemi anakwenda mazoezini. Anasema anakwenda Vorwärts, hata kama anakwenda kunywa bia.

Sasa Reinhild ana miaka sitini na tisa, na amechoka. Si uchovu ule wa mtu kulala akaamka mzima. Ni uchovu wa mifupani, uliomwingia kidogo kidogo kwa miaka thelathini ya kuwa katibu wa klabu: kuandika kumbukumbu, kujibu barua, kutafuta funguo zilizopotea, kuwapigia simu wazazi ambao watoto wao wamesahau viatu. Mwaka huu alikuwa na sababu ya kuuona uchovu huo kwa macho makavu, na sababu hiyo ilikuwa dada yake.

Almut, mkubwa kwake kwa miaka mitano, anaishi kisiwani Fehmarn, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ghorofa ya juu kuna chumba kinachotazama maji. Chumba hicho kilikuwa kinamngoja Reinhild miaka na miaka. Januari, Almut alipiga simu, na kama kawaida yake hakuzunguka mbuyu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Mwaka wa kumi na mbili huu nakutunzia chumba. Kuna nesi wa kliniki anakitaka kuanzia Mei. Binti mtulivu, na ngazi hizi atanisaidia."

"Nipe mpaka mkutano mkuu."

"Mkutano mkuu! Kila ukiguswa, mkutano mkuu. Ni lini huo?"

"Jumapili ya tatu ya Machi."

"Basi Jumapili hiyo mchana nitakaa na simu mapajani. Ukiniambia wamekuchagua tena, Jumatatu nampa nesi ufunguo. Sikutishi, Reinhild. Ni nyonga yangu, haisubiri ajenda zenu."

Reinhild alisema sawa. Alipokata simu alikaa jikoni na koti lake mwilini, akatazama mlango wa jokofu ambako kalenda ya klabu imening'inia. Alitaka kwenda.

Mtu angeuliza, kwani nani anamshika? Ndipo inabidi nieleze Vorwärts ni nini kwa watu wale, maana asiyejua atadhani nasimulia habari za mpira.

Reinhild ndiye aliyeandika kitabu cha miaka mia na ishirini na mitano ya klabu, kurasa tisini na sita, kwa hiyo historia ile anaijua kuliko anavyojua ukoo wake. Klabu ilianzishwa na mafundi kumi na wanne wa kiwandani, katika chumba cha nyuma cha baa, kwa sababu klabu ya mabwana wa mjini haikutaka watu wenye grisi kuchani. Walianza na mazoezi ya viungo. Kisha wakaongeza kuogelea mtoni, kisha mpira wa mikono, kisha kwaya, kwa kuwa wapo waliokuwa hawawezi kuruka lakini wanaweza kuimba. Mwaka 1933 serikali mpya ikaipiga marufuku, ukumbi ukachukuliwa, na mwenyekiti akafungwa miaka miwili akarudi hana meno ya mbele. Vitabu vyote vya maadhimisho vilivyotangulia vilipofika hapo vikaandika mstari mmoja tu, "Kisha zikaja nyakati ngumu," halafu vikarukia 1946 kwa furaha. Reinhild alipaandikia kurasa nne. Aliwataja na wale wanachama waliovaa sare mpya wiki ile ile na kujichukulia viti vya wenzao. Wajukuu wao wapo, na wengine walimnunia mwaka mzima.

Ukumbi wa sasa ulijengwa baada ya vita, mji ukiwa kifusi. Kila mwanachama alitakiwa kutoa saa mia moja za kazi. Wanawake walikaa mstari mmoja na nyundo ndogo, wakibandua saruji kuukuu kwenye matofali ya nyumba zilizobomoka, ili yajengewe tena. Hedwig alitoa saa mia tatu na kumi, na vidole vyake viwili havikukunjika tena maisha yake yote. Akimkuta mwanawe anauegemea ukuta wa ukumbi alimwambia, "Egemea vizuri, hilo la tatu kutoka chini ni langu." Mama alikuwa akitania, lakini Reinhild hakuwahi kuona kwamba ni mzaha tu.

Kisha ikaja miaka ya neema. Mwaka 1978 klabu ilikuwa na wanachama elfu moja mia nne na sitini na michezo tisa chini ya paa moja. Reinhild alicheza mpira wa mikono upande wa kushoto, mwembamba, mwepesi, mwenye ulimi. Kipa wa timu ya wanaume alikuwa Volkmar, fundi umeme wa tramu, mtu mrefu asiyesema sana. Walioana, na sherehe ikafanyika ukumbini, wageni wakicheza dansi juu ya mistari ya uwanja.

Halafu mambo yakaanza kupungua, pole pole. Kiwanda kilipunguza watu. Bwawa la manispaa lilifungwa, waogeleaji wakahama. Kwaya ilibaki na watu sita, wote wa sauti ya chini. Timu za mpira wa mikono ziliunganishwa na za mtaa wa jirani na jina la Vorwärts likaondolewa kwenye jezi. Kila kilichokufa, Reinhild alikiandika: tarehe, kura za ndiyo, kura za hapana, waliojizuia. Leo wamebaki wanachama mia tatu na kumi na wawili, na kundi lenye uhai kweli ni la watoto wa mazoezi ya viungo.

Ukatibu wenyewe aliupata kwa namna ambayo watu wa klabu zile wanaijua vizuri na hawaionei haya. Mwaka 1994 katibu wa zamani aliugua, na kwenye mkutano mkuu mwenyekiti akauliza nani atashika. Kimya. Watu wote walitazama viatu vyao. Reinhild, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya keki tu, alikwenda jikoni kuangalia kahawa. Aliporudi na birika mkononi, watu walikuwa wanapiga makofi.

"Mnampigia nani?" aliuliza.

"Wewe," walimwambia. "Hongera, dada. Mimina kahawa."

Huko ndivyo ilivyo. Asiyekuwepo chumbani ndiye anayechaguliwa, na mtu mzima akibanwa na haja ndogo wakati wa uchaguzi hujikaza mpaka mwisho. Angeweza kukataa. Lakini alikuwa na miaka thelathini na tisa, ana nguvu, na birika lilikuwa zito. Akasema sawa.

Kosa kubwa alilifanya mwenyewe, miaka minne baadaye. Mwenyekiti wa wakati huo alifariki ghafla, klabu ikakaa wiki nane bila kichwa, barua za mahakama ya usajili wa klabu zikawa zinaingia kila siku, na aliyezijibu alikuwa yeye. Aliapa yasitokee tena. Katiba ya klabu ilipofanyiwa marekebisho, alikaa mezani kwake akaandika kifungu kwa mkono wake: kila kiongozi ataendelea kushika nafasi yake mpaka mrithi wake achaguliwe. Wanachama wote wakanyoosha mikono. Yeye pia akanyoosha, tena alijisikia fahari.

Kifungu kile kikaja kumkaba. Volkmar alistaafu mwaka 2011. Mwaka uliofuata akamwambia mkewe, wakiwa wanamenya viazi, "Twende kwa Almut. Chumba kipo. Nataka kuona maji kila siku, nimeona nyaya za tramu vya kutosha." Reinhild akakubali. Kwenye mkutano mkuu akasimama akasema hagombei tena. Kimya, watu na viatu vyao. Mwenyekiti akauliza mara tatu, hakuna mkono. Basi kwa mujibu wa kifungu, katibu akaendelea. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe haiwezekani, mpaka uchaguzi wa miaka miwili ijayo. Miaka miwili baadaye Volkmar akauliza tena, yakawa yale yale. Akauliza mara ya tatu mwaka 2016, na safari hiyo walikuwa wameshakwenda kisiwani wakapima chumba kwa futi. Reinhild akasimama mkutanoni, akasema hagombei. Kimya. Volkmar hakufoka. Alisema tu, "Haya, wewe na kifungu chako." Oktoba ya mwaka uliofuata alianguka bafuni akinyoa ndevu, na hakuamka.

Sitaki kusema mengi hapo, maana na mwenyewe hasemi. Aliendelea kuandika kumbukumbu. Mwaka 2018, 2020 na 2022 alisema hagombei, na kila mara akabaki.

Baada ya simu ya Almut, Reinhild alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini na sita. Aliupigia simu muungano wa klabu za michezo wa jimbo akaomba mwanasheria. Akaunganishwa na kijana mmoja mwenye mafua.

"Mama, hicho kifungu kinailinda klabu," kijana alisema. "Hakikufanyi wewe mfungwa. Kazi ya kujitolea unaweza kuiacha siku yoyote. Sema tu kwamba unajiuzulu."

"Kumbe kusema sigombei hakutoshi?"

"Hiyo ni kusema hutaki kuendelea. Kujiuzulu ni kuacha. Ni vitu viwili."

"Na klabu ikibaki bila katibu?"

"Itabidi wamtafute. Si kazi yako tena, mama." Akapiga chafya.

Reinhild hakulala vizuri wiki kadhaa. Neno lenyewe lilikuwa dogo, lakini hakuna mtu aliyewahi kulitamka ndani ya ukumbi ule kwa kumbukumbu alizosoma, na alikuwa amezisoma zote. Kuacha kazi ya Vorwärts bila mtu wa kuipokea, kule Wiesengrund, ni kama kuondoka mezani wenzako wakiwa bado wanaosha vyombo. Aliogopa kwamba siku akilisema, klabu itakufa mikononi mwake, yeye binti wa Hedwig.

Jumapili ya mkutano walikuja watu arobaini na mmoja. Saa nne asubuhi meza zilishapangwa ukumbini, kuna keki ya tufaha, kuna mikate ya nyama mbichi ya kusaga na vitunguu. Kwenye meza ya mbele alikaa Ingolf Brehme, mwenyekiti, mzee wa miaka sabini na mitatu aliyewekewa vyuma viwili moyoni na ambaye huvitaja kila akitaka huruma. Kushoto kwake Reinhild na daftari lake. Mstari wa mbele, kama kila mwaka, alikaa Eckart Pannwitz wa mchezo wa kuangusha pini, umri wa miaka themanini na mmoja, amebeba nakala ya kumbukumbu za mwaka jana aliyoichora kwa kalamu nyekundu.

Pannwitz alianza mapema. "Ukurasa wa tatu, aya ya pili. Nakisia kuna koma hapa."

"Unakisia au ipo?" Reinhild aliuliza.

"Ipo, na haitakiwi kuwepo."

"Nimeiandika, Bwana Pannwitz. Koma moja, imefutwa."

"Mwaka jana zilikuwa mbili," Pannwitz aliwaambia wenzake. "Anajitahidi."

Watu wakacheka. Reinhild naye aliandika kicheko kile kwa alama ndogo pembeni, mazoea ya miaka. Jambo la pili, la tatu, la nne. Aliandika vizuri kuliko siku zote, kila herufi imesimama.

"Jambo la saba," Ingolf alisema. "Uchaguzi wa katibu. Reinhild, dada yangu, kubali tu tuendelee, kahawa inapoa."

"Nina neno."

"Neno lako tunalijua. Hugombei." Kicheko tena, cha kirafiki kabisa, na hicho ndicho kilichomuumiza.

"Safari hii sisemi sigombei," alisema Reinhild. "Najiuzulu. Leo, saa tano na dakika ishirini."

Aliandika hivyo hivyo daftarini, akafunika kalamu, akalifunga daftari akalisukuma katikati ya meza.

Ingolf alimwinamia. "Unajua maana ya hilo?"

"Najua. Nilipiga simu nikauliza."

"Katiba inasema mpaka mrithi..."

"Katiba nimeiandika mimi, Ingolf. Hainifungi."

"Si leo, Reinhild. Jamani. Nina vyuma viwili moyoni."

"Na mimi nina miaka sitini na tisa. Nimechoka. Sijui niseme kwa lugha gani nyingine."

Ndipo Pannwitz akagonga sakafu kwa fimbo yake.

"Hoja ya utaratibu! Nani anaandika?"

Wote wakatazama daftari lililofungwa.

"Bila mwandishi, mkutano huu si mkutano," Pannwitz alisema. "Tunakula keki tu hapa."

Kimya kile Reinhild alikijua. Alikuwa amekaa nacho mara nyingi, na kila mara alikivunja mwenyewe kwa kusema, basi, sawa, nitaendelea. Sasa hivi ulimi ulikuwa unamwasha. Alibana mikono katikati ya magoti asije akaishika kalamu. Hakutazama watu. Alitazama saa ya ukutani, ile yenye wavu wa chuma wa kuikinga na mipira, na mshale mrefu ukasogea, ukasogea tena. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alifikiri, nimeiua. Matofali yote yale, vidole vya mama, na anayeiua ni mimi, Jumapili asubuhi, mbele ya keki.

Kiti kikakwaruza. Pannwitz aliinuka, akaja mbele kwa hatua zake ndogo, akachukua daftari na kalamu.

"Leo tu," alisema. "Na atakayeucheka mwandiko wangu, namwandika jina."

Mkono mmoja ukanyooka nyuma. Alikuwa Dilara Aksoy, anayewafundisha watoto mazoezi ya viungo, mwanamke wa miaka arobaini, mpishi wa hospitali, ambaye zamu zake hazieleweki hata kwa mumewe.

"Mimi naweza," alisema. "Mimi na Sören wa badminton, tugawane. Lakini tutaandika kwa kompyuta. Na kumbukumbu hazisomwi tena kwa sauti, mtatumiwa."

"Hazisomwi?" Pannwitz aling'aka. "Nitasahihisha nini mimi?"

"Nitakutumia kwenye simu, mzee wangu. Utasahihisha ukiwa kitandani."

"Na soksi miguuni," mtu akaongeza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Wakapiga kura. Thelathini na wanane ndiyo, hapana hakuna, watatu walijizuia, maana Wiesengrund lazima wawepo wa kujizuia. Pannwitz aliuliza Aksoy linaandikwaje, akaambiwa. Ingolf alimshukuru Reinhild kwa kazi yake ya miaka mingi, akampa shada la maua ambalo lilikuwa limenunuliwa kwa ajili ya mwanachama aliyetimiza miaka hamsini klabuni lakini akashindwa kuja, kisha akavaa miwani.

"Jambo la nane. Sherehe ya kiangazi. Nani anachoma soseji?"

Mikono mitano ikanyooka papo hapo. Reinhild alitazama saa. Saa tano na dakika thelathini na moja.

Alichukua koti lake akatoka. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa soseji zilikuwa zimeshazua ubishi. Kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo alisikia viatu vya mpira nyuma yake. Dilara.

"Bi Reinhild, umekasirika?"

"Sijui bado. Kwa nini hukusema mwaka juzi?"

Dilara alishangaa. "Nilikuwa nangoja useme wewe. Miaka sita nangoja. Na kabla yangu alikuwepo yule Bi Gisa wa tenisi ya meza, naye alitaka, akaona aibu mpaka akahama."

"Nilisema! Kila mkutano nilisema."

"Ulisema hugombei." Dilara alitafuta maneno. "Hapa kwenu mtu akikaribishwa kipande cha pili cha keki anasema hapana, asante, na mwenye nyumba anamwekea. Nimejifunza hilo mwaka wa kwanza. Sote tulidhani ndivyo unavyokataa. Nani angesimama achukue nafasi ya Bi Reinhild mbele ya Bi Reinhild? Wangesema nakufukuza, na wewe mwenyewe ungeniona mtovu wa adabu."

Ilikuwa kweli tupu. Reinhild mwenyewe angemwona hivyo.

"Karibu Jumatano watoto wakuage," Dilara alisema, akambusu shavuni, akarudi ndani mbio.

Nje kulikuwa na jua la Machi lisilopasha kitu. Reinhild alikaa kwenye benchi la mbao kando ya mlango, maua mapajani, akangoja furaha. Kwa wiki nyingi alikuwa ameiwazia furaha hiyo. Haikuja. Kilichokuja ni hesabu, na hesabu ile haikumpa nafasi ya kupumua. Akapiga simu.

"Umeponyoka?" Almut aliuliza hata kabla ya salamu.

"Nimeponyoka."

"Mungu wangu. Mbona sauti hiyo? Wamekutukana?"

"Hapana. Wamenipa maua." Aliyaweka kando. "Zilikuwa dakika kumi na moja, dada. Nilitazama saa. Nimesema, wamepata mtu, wamecheka, wameenda kwenye soseji. Kumi na moja."

"Si vizuri?"

"Volkmar aliniomba mara tatu, Almut. Nikamwambia haiwezekani. Mara tatu nilimwambia haiwezekani."

Almut si mtu wa kumwambia mtu usijilaumu. Alisema tu, "Nitamwambia nesi atafute kwingine. Kitanda cha dirishani nimeshakutandikia."

"Hicho alikichagua yeye. Siku ile tulipopima."

"Najua. Ndiyo maana."

Reinhild alitaka kusema asante. Akaweka simu juu ya benchi, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti mchana kweupe, penye njia, watu wakitoka kanisani wakipita. Ndani ya ukumbi walikuwa bado wanabishana kuhusu soseji, na sauti ya Pannwitz ilikuwa juu ya zote, ikiwataka waseme pole pole, yeye anaandika.